Kazi ya Kukanda Farasi, na Namna Inavyotufaa Sisi Wenye Punda

Huko Uingereza, Marekani na katika nchi nyingine zenye farasi wengi, iko kazi ambayo wengi wa wasomaji wetu hawajapata kuisikia. Watu husoma mwaka mmoja au miwili, na wengine miaka mitano na kuzidi, ili wajue kumkanda farasi kwa mikono mitupu. Hujifunza kumpapasa mgongo, kumsugua misuli, kumnyosha viungo na kumtazama anavyotembea, mpaka waweze kusema maumivu yako wapi na yametokana na nini. Huitwa tiba ya kusaidia, maana haishiki mahali pa daktari wa mifugo, bali humfuata nyuma. Huenda mzee mmoja wa Didia akicheka na kusema, "Sisi wenyewe tukirudi shambani tumevunjika viuno hatuna wa kutukanda, sembuse mnyama?" Na acheke, si neno, lakini asiache kusoma, kwa kuwa habari hii yahusu mali yake mwenyewe.

Ni kweli kwamba katika kata yetu ya Didia, na katika wilaya yote ya Shinyanga, farasi ni mnyama wa kuonekana katika picha. Sababu zake zajulikana. Ya kwanza ni mbung'o, ambaye Shinyanga ilimjua sana hata ikawa makao makuu ya utafiti wake. Kazi ile iliongozwa na Bwana C. F. M. Swynnerton mpaka alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Ya pili ni maradhi ya farasi ya Afrika, yanayoletwa na visubi warukao jioni na usiku, nayo huweza kumwua farasi mzima kwa siku chache. Mwaka 1871 Bwana Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone akiwa na farasi wawili, nao wote wawili wakafa msafara ungali karibu na pwani. Punda nao walipata taabu katika misafara ile, na wengi walikufa, lakini maradhi ya farasi huwapata kwa upole zaidi, na hata leo punda angali anaishi mahali ambapo farasi hawezi. Watu wa pwani walimwita punda wa bara kihongwe, na jina hilo lilikuwa na dharau ndani yake, kana kwamba ni mkaidi tu asiyefaa. Hata hivyo mkaidi huyo ndiye aliyebaki.

Basi farasi na punda ni ndugu wa ukoo mmoja. Ukiondoa ngozi, mifupa yao na misuli yao yakaribia kuwa sawa. Wenye elimu hutaja tofauti chache. Kwa kawaida punda ana pingili tano za kiuno pale ambapo farasi ana sita, kwato zake zimesimama wima zaidi, na joto la mwili wake ni kama digrii 37 wakati la farasi lakaribia 38. Kwa hiyo aliyefundishwa kumshika farasi aweza kumshika punda, akizikumbuka tofauti hizo. Tena punda wetu anahitaji mikono hiyo kuliko farasi wa tajiri, maana farasi yule hukimbia siku moja katika juma, na wetu huchota maji kila siku.

Tuanze na jinsi kazi yenyewe ilivyopata kuwa elimu. Kukanda ni jambo la kale, na hakuna kabila lisilojua. Lakini kumkanda farasi kwa utaratibu ulioandikwa na kufundishwa darasani ni jambo la juzi. Jack Meagher, Mmarekani aliyezoea kuwakanda wanadamu wachezaji, alifanya kazi na farasi wa timu ya Marekani katika michezo ya Olimpiki ya mwaka 1976. Akaona ya kuwa farasi huumia mahali palepale ambapo misuli hushikana na mfupa, kama mkimbiaji. Huko Uingereza Mary Bromiley, aliyekuwa mtaalamu wa viungo vya wanadamu, aligeukia farasi, na mwaka 1987 akatoa kitabu juu ya majeraha yao na namna ya kuwarudishia nguvu. Baada yao vyuo vikazidi. Hata sasa wengi wa wanafunzi wanaochukua njia ndefu husomea kwanza viungo vya wanadamu katika chuo kikuu, kisha ndipo waingie katika masomo ya wanyama.

Mwanafunzi hufundishwa nini? Hapa pana mambo matamu, nayo nayaeleza kwa kirefu kwa ajili ya walimu wetu, kwa kuwa baadhi yake yaweza kufanywa katika shule yoyote.

Kwanza ni kuufundisha mkono wenyewe. Mwanafunzi huchukua unywele mmoja wa farasi, akauweka chini ya ukurasa wa kitabu, akafumba macho na kuutafuta kwa ncha za vidole. Akiupata huongeza ukurasa wa pili, wa tatu, na kuendelea. Mwanzo hupotea katika ukurasa wa pili au wa tatu, na baada ya majuma kadhaa mkono humwonyesha unywele chini ya kurasa nyingi. Mtu asidhani ni mchezo wa watoto. Misuli iliyokaza, uvimbe mdogo kando ya kano, joto lililozidi kidogo katika ukwato mmoja kuliko mwenzake, yote hayo huwa chini ya manyoya na ngozi, na mkono usiofundishwa hupita juu yake kama gari lipitavyo juu ya sisimizi. Kwa joto hutumia mgongo wa mkono, si kiganja, kwa sababu kiganja cha mtu wa jembe kimekuwa kigumu mno.

Pili ni kuijua mifupa kutoka nje. Mwalimu huleta farasi mpole, na wanafunzi humchora kwa chaki ubavuni: hapa bega, hapa pingili za shingo, hapa mbavu, hapa nyonga. Kisha mnyama hutembezwa, nao huona michoro ile ikisogea. Wengi hushangaa kuona kwamba bega la farasi halikuunganishwa na kifua kwa mfupa hata kidogo. Farasi na punda hawana mtulinga kama sisi, na mwili wao wa mbele umening'inia kati ya miguu kwa misuli mitupu, kama machela kati ya wachukuzi wawili. Aliyelijua neno hilo moja amekwisha kufahamu kwa nini mzigo uliofungwa vibaya hudhuru mabega kabla ya kudhuru mgongo.

Tatu ni kutazama mwendo. Mnyama huongozwa mahali pagumu na tambarare, akienda na kurudi, kwanza polepole kisha kwa mbio ndogo. Akiumwa mguu wa mbele, kichwa chake huinuka pale mguu mbovu ukanyagapo, na huinama pale mguu mzima ukanyagapo. Wengi wetu hudhani ni kinyume, nao humfunga dawa mguu usio na kosa. Mwanafunzi hutakiwa kutazama wanyama wengi sana kabla ya kuruhusiwa kusema lolote.

Baada ya hayo ndipo huja kukanda kwenyewe. Huanza kwa kupapasa polepole kwa kiganja kizima, kufuata manyoya yalivyolala, mnyama apate kuuzoea mkono na damu ipate kutembea. Hufuata kukanda kwa kuikusanya misuli na kuiachia kama mtu akandaye unga, kisha kusugua kwa ncha za vidole mahali palipokaza, na mwisho kunyosha miguu na shingo kwa upole. Mkono haugandamizi juu ya mfupa mtupu, wala juu ya kidonda, wala mahali penye joto la uvimbe mpya. Kila mnyama huandikiwa karatasi yake: alikutwaje, alitendewa nini, alionekanaje siku ya pili. Karatasi hizo ndizo mtihani, kwa maana asiyeandika hawezi kujua kama mkono wake umesaidia au ni mapumziko tu yaliyosaidia.

Sasa msomaji mwenye akili atauliza: je, yafaa kweli, au ni faraja ya matajiri? Nitajibu kama nijuavyo. Mwaka 1993 watafiti wawili, Claudia Feh na Jeanne de Mazières, walieleza kwamba farasi akikunwa pale shingo inapokutana na mabega, mahali ambapo farasi wenyewe hupenda kukunana, mapigo ya moyo wake hupungua. Wengine wamepima mgongo kwa chombo cha kugandamiza, wakaona kwamba baada ya kukandwa mnyama huvumilia mgandamizo mkubwa zaidi kuliko kwanza. Mambo hayo ni ya kweli na ni ya thamani. Lakini yeyote asemaye kwamba kukanda huponya mfupa uliovunjika, au minyoo, au homa, huyo amwepuke mwenye mnyama, hata akiwa na vyeti vitano ukutani. Ushahidi uliopo ni wa kutuliza, kulegeza na kupunguza maumivu ya misuli.

Vyeti navyo vina habari yake. Huko Uingereza sheria ya mwaka 1966 yasema kumtibu mnyama ni kazi ya daktari wa mifugo, na amri ya mwaka 2015 yaruhusu tiba ya viungo ifanywe na mtu mwingine kwa maagizo ya daktari. Hata hivyo, jina la mtaalamu wa viungo vya wanadamu hulindwa na sheria, bali la mtaalamu wa viungo vya wanyama halilindwi vivyo hivyo. Kwa hiyo huonekana mtu aliyesoma miaka mitano, na mwingine aliyesoma siku chache akatoka na cheti chenye muhuri wa rangi, nao wote wawili huitwa kwa jina moja. Kijana wetu akiona tangazo la namna hiyo, na aulize maswali matatu kabla ya kutuma fedha: nitashika wanyama wangapi kwa mikono yangu, nani atanisahihisha, na daktari gani wa mifugo afundisha humo? Kama majibu hayapatikani, fedha ile na anunue mtamba.

Nimesema kwamba tiba hii humfuata daktari nyuma. Hakuna mahali pa kulionyesha neno hili vizuri kuliko katika ugonjwa ambao sisi Waswahili tumeupa jina la mnyama mwenyewe, yaani pepopunda. Vijidudu vyake hukaa udongoni na katika mavi ya wanyama, huingia katika kidonda, hasa kilicho kirefu na chembamba kama cha msumari au mwiba, na huko hutoa sumu inayokaza misuli. Farasi na punda hupatwa nao kwa wepesi kuliko wanyama wengi. Mwanzo wake mnyama huonekana amekakamaa tu. Hatua zake ni fupi, shingo haigeuki, misuli ya mgongo ni migumu kama ubao. Mtu aliyejifunza kukanda na asijifunze lingine atafurahi, akasema, "Hii ndiyo kazi yangu," akaanza kusugua. Kumbe kila mguso na kila kelele humzidishia mnyama mikazo, na saa zinapotea.

Aliyefundishwa vema hutazama kwanza. Je, masikio yamesimama wima bila kugeuka? Je, mkia umeinuka? Je, miguu imetanuka kama ya meza? Je, kuna utando mweupe unaofunika pembe ya jicho la ndani, hasa ukipiga makofi karibu na kichwa? Je, taya halifunguki? Akiona hayo huondoa mkono, humweka mnyama mahali penye giza na kimya, na hutuma mtu mbio kwa daktari wa mifugo. Iko chanjo ya ugonjwa huu kwa wanyama, na bei yake ni ndogo kuliko bei ya punda. Vivyo hivyo mnyama aliyekaza mapaja ghafula baada ya kazi nzito na kukojoa mkojo mweusi, mnyama anayejigaragaza na kulitazama tumbo, na mnyama anayetoka mate bila kuweza kumeza, hao wote hawakandwi. Huyo wa mwisho hata kinywa chake kisiguswe kwa mkono mtupu, kwa maana aweza kuwa na kichaa cha mbwa.

Tena punda ana tabia inayowadanganya hata wenye kusoma habari za farasi. Farasi akiumwa hufanya fujo, bali punda husimama kimya. Baba zake waliishi jangwani, na aliyeonyesha udhaifu aliliwa. Kwa hiyo punda aliyeinamisha kichwa na kukataa chakula siku moja huenda ni mgonjwa sana, si mvivu. Aliyenona, na hasa mwenye mimba, akiacha kula, mafuta ya mwili humwagika katika damu yake na kuliharibu ini, naye hufa kwa ajili ya kutokula kuliko kwa ugonjwa wa kwanza. Jambo lingine ni urafiki. Punda wawili waliozoeana hawapendi kutengwa, na mkandaji mwerevu humfunga rafiki karibu wakati wa kumtibu mwenzake. Tumezoea kusema shukrani ya punda ni mateke. Mimi naona mateke mengi hutokea pale mkono unapogusa kidonda kilichofichwa na kamba, na anayepigwa teke huwa amejibiwa swali lake.

Sasa nafika mahali ambapo elimu hii ya wageni yagusa kazi zetu za kila siku, nami naona ndipo penye faida kubwa. Mtu mwenye mkono uliofundishwa akija Didia siku ya mnada, akawapapasa punda ishirini, hatapata misuli iliyochoshwa na mbio. Atapata mambo ya matandiko. Atapata uvimbe na makovu juu ya shingo mbele ya mabega, kwa sababu punda amevalishwa nira ya ng'ombe. Ng'ombe wetu ana nundu, na nira hukaa mbele yake vizuri, akasukuma. Punda hana nundu. Nguvu yake i kifuani, na nira humkalia juu ya mfupa na kumkwaruza mpaka nyama. Anachohitaji ni mkanda mpana wa kifuani, upitao juu ya kiungo cha bega na chini ya koo, usimzuie kupumua wala kuinua mguu. Kamba nyembamba ya nailoni haifai, na mpira wa gurudumu uliokatwa hushika jasho na kuchuna ngozi. Turubai lililokunjwa au gunia safi lililoshonewa kitambaa laini ndani ndilo jema, tena lifuliwe, maana jasho lililokauka huwa kama msasa.

Mgongoni, atakuta vidonda juu ya uti wenyewe. Dawa yake ya kweli ni matandiko yenye mito miwili, mmoja kila upande, na kati yake nafasi ya wazi, uti wa mgongo usiguswe na kitu. Mito hiyo yaweza kujazwa majani makavu nyumbani, na fundi wa magunia huishona kwa siku moja. Bila hayo, kumkanda mnyama ni kazi ya kuchota maji kwa tenga. Leo utamlegeza, kesho kamba itamkaza tena.

Na mzigo. Dumu moja la maji la lita 20 lina kilo 20, ukiacha dumu lenyewe. Madumu manne ni kilo 80. Punda wetu wengi ni wadogo, wa kilo 120 au 140 hivi, na hivyo tumembebesha zaidi ya nusu ya mwili wake, na mara nyingi mtoto amepanda juu. Huko Uingereza chama kiitwacho Donkey Sanctuary huelekeza kwamba anayempanda punda asizidi kilo 50. Sisemi kwamba mama aliye mbali na kisima aweza kufuata kipimo hicho kesho asubuhi. Lakini madumu yaleyale katika mkokoteni wenye magurudumu mema, uliosawazishwa usimlemee mbele wala kumwinua nyuma, punda atayavuta kwa wepesi kuliko kuyabeba.

Kwato nazo zasahauliwa. Wakati wa kiangazi, katika barabara ngumu ya kwenda Tinde, kwato hujisaga zenyewe. Masika yakija, udongo mweusi wa mbuga hushikamana chini ya ukwato, na ile sehemu laini ya katikati yenye umbo la ncha ya mkuki huoza na kunuka. Kuinua mguu kila jioni na kuuchokoa kwa kijiti butu, kutoka kisigino kwenda mbele, ni kazi ya dakika mbili kwa miguu yote minne. Mtoto wa shule aweza. Anayefanya hivyo kila siku atajua pia joto la kawaida la kwato za punda wake, na siku moja ukwato ukiwa wa moto, na mapigo ya damu yakagonga kwa nguvu kando ya kifundo, atajua mapema kwamba iko hatari ndani.

Mfano wa kazi kama hii haupo mbali nasi. Katika mji wa Lamu, ambako vichochoro ni vyembamba na punda ndiye gari, Donkey Sanctuary walifungua kituo cha kutibu punda bure mwaka 1987. Na shirika la Brooke, lililotokana na hospitali ambayo Bibi Dorothy Brooke alianzisha Cairo mwaka 1934 kwa ajili ya farasi wa vita waliobaki huko, limefanya kazi Kenya na kuwafundisha wenye punda wenyewe pamoja na mafundi wa matandiko.

Kijana wa Didia anayetaka kuishika kazi hii aanzie wapi? Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 ndiyo inayotawala nani aruhusiwe kutibu mifugo Tanzania, na Baraza la Veterinari ndilo liandikishalo watu hao. Kwa hiyo njia nyofu ni kuingia kwanza katika mafunzo ya mifugo. Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, kwa kifupi LITA, una kampasi yake Mabuki, wilaya ya Misungwi, katika njia ya kwenda Mwanza, na hutoa Astashahada na Stashahada. Mwenye alama za juu za sayansi aweza kwenda Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kusomea udaktari wa mifugo kwa miaka mitano. Akimaliza mojawapo ya hayo, masomo ya kukanda yatamfaa kama kisu kinavyomfaa mwenye nyama. Asiyepitia hapo abaki katika matandiko, kwato, kusafisha na kupapasa, kazi ambazo hakuna sheria iliyomkataza mwenye punda kuzitenda kwa upole kwa mnyama wake. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 tena yamtaka afanye hivyo, kwa kuwa kumpiga mnyama na kumlemeza mzigo kupita nguvu zake ni makosa ndani yake.

Wengine watasema punda wa nini siku hizi, na pikipiki zimejaa. Hao wamesahau yaliyotokea jirani kabisa. Mjini Shinyanga palijengwa machinjio ya punda, ngozi zikauzwa China kutengenezea dawa iitwayo ejiao. Biashara za namna hiyo zilipoingia katika nchi za Afrika bei ya punda ilipanda na wizi ukaongezeka, na waliokuwa wakibebewa maji wakajikuta na ndoo vichwani. Serikali ya Tanzania ikapiga marufuku uchinjaji huo, na mwezi wa Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, walipokutana Addis Ababa, walikubali kuzuia kuchinja punda kwa ajili ya ngozi katika bara lote kwa miaka 15. Punda jike hubeba mimba kama miezi 12 na huzaa mtoto mmoja, kwa hiyo waliochinjwa hawarudi upesi kama kuku. Aliye na punda sasa ana mali isiyonunuliwa kwa wepesi, na punda mwenye matunzo aweza kuishi miaka 30 na kuzidi.

Anayetaka kuujaribu mkono wake asingoje chuo. Achague asubuhi, kabla ya kazi, mnyama hajatoka jasho. Asimame upande wa kushoto karibu na bega, si nyuma, aseme naye, kisha akune pale shingo inapokutana na mabega mpaka mdomo wa juu wa punda urefuke na kutetemeka, ishara kwamba amekubali. Kutoka hapo apeleke kiganja chake kando ya uti wa mgongo, upande mmoja na kisha mwingine, akilinganisha joto na ugumu, na kila mahali ngozi inaporuka au sikio linaporudi nyuma atie alama ya chaki. Kisha alete matandiko, ayaweke juu ya mgongo bila mzigo, atazame kama alama zile hazikulaliwa na kamba.